Gego likikatikia ndani: daktari wa meno achague ngazi gani ya bima?

Kila Desemba, leseni za mwaka zinapokaribia kuisha, madaktari wa meno nchini Kenya hurudi kwenye fomu ile ile ya bima ya dhima ya kitaaluma. Hii ndiyo bima inayolipa fidia na gharama za mawakili mgonjwa anapodai kwamba alidhurika mikononi mwa daktari, na siku hizi Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) huitaka kabla ya kutoa leseni. Ndani ya fomu kuna swali ambalo wengi wetu hulijibu upesi upesi: kazi yako ni ya ngazi gani? Majina hutofautiana toka kampuni moja hadi nyingine, lakini mara nyingi utakuta tiba ya kawaida ya meno bila upasuaji, kisha tiba ya kawaida pamoja na upasuaji mdogo wa kinywa, na juu kabisa kazi ya mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Ada hupanda kwa kila ngazi.

Bingwa hana shida ya kuchagua. Anayeziba na kusafisha meno tu hana shida pia. Anayenihangaisha ni daktari wa kati, ambaye hana shahada ya ubingwa lakini mara mbili tatu kwa mwezi hung'oa gego la mwisho lililolala ndani ya taya, na huenda ameanza kupandikiza meno kwa skrubu za titani. Alipie ngazi inayofanana na siku zake nyingi, au inayofanana na saa zake chache ngumu?

Wanaotetea ngazi ya chini wana hoja nzito kuliko tunavyokiri. Daktari kijana anayefungua kliniki analipa kodi ya chumba, mkopo wa kiti na mashine ya eksirei, na mshahara wa msaidizi. Kumwambia aongeze ada kubwa kwa ajili ya magego thelathini kwa mwaka ni kumwambia ayaache. Akiyaacha, nani atayang'oa? Mabingwa wamejaa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret. Mgonjwa wa Lodwar akiambiwa aende Eldoret, hiyo ni siku nzima njiani, nauli na mahali pa kulala, huku shavu limevimba. Wengi hawaendi. Hununua dawa ya maumivu dukani wakangoja, na usaha ukishuka shingoni hali inakuwa ya kuua. Kwa hiyo bima inayomsukuma daktari wa kawaida aache upasuaji mdogo inaweza kuwadhuru wagonjwa ambao hawatafika mahakamani kamwe.

Kuna hoja ya pili, ambayo nimeisikia kwa madaktari wakongwe na naiheshimu. Aliyelipia ngazi ya juu hutaka kuirudisha pesa yake. Gego ambalo mwaka jana angelituma kwa bingwa, mwaka huu analijaribu mwenyewe kwa kuwa "bima ipo". Bima haikumwongezea ujuzi hata kidogo. Tena mikataba hii kwa kawaida hulinda kazi iliyo ndani ya mipaka ya leseni na mafunzo ya daktari, kwa hiyo kulipia ngazi ya bingwa hakumgeuzi mtu bingwa mbele ya kampuni wala mbele ya Baraza.

Hata hivyo, hoja hizi zote zinachukulia kwamba daktari anajua asubuhi kama leo atafanya upasuaji au hatafanya. Kwenye kiti mambo hayaendi hivyo. Mwaka 1926 George Winter aliyapanga magego yaliyokwama kwa jinsi yalivyoinama, na mwaka 1933 Pell na Gregory wakaongeza kina chake na nafasi iliyobaki nyuma yake. Mipango hiyo hutusaidia kukadiria ugumu kabla ya kushika koleo. Lakini nimeshaanza kung'oa gego la juu lililoonekana jepesi kabisa, mzizi mmoja ukakatikia ndani, na dakika kumi baadaye nilikuwa nimepasua ufizi, nimeufunua na ninaondoa mfupa. Ukiingia kuung'oa unakuwa mng'oaji. Ukitoka umekuwa mpasuaji. Kama mkataba wako unasema "bila upasuaji" na hauelezi upasuaji unaanzia wapi, mstari huo utachorwa na wakili wa kampuni, baada ya madhara kutokea.

Na madhara yenyewe si ya kukisia. Ndani ya taya la chini, karibu na mizizi ya gego la mwisho, hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Upande wa ndani hupita neva ya ulimi. Ikiguswa, mgonjwa hubaki na ganzi, au mwasho wa moto usiokwisha, au ladha iliyopotea. Mara nyingi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Ganzi ya kudumu kwa kawaida huwekwa chini ya mgonjwa 1 kwa kila 100, idadi ndogo mpaka umkute mwalimu, mwimbaji au mpiga tarumbeta. Juu, mizizi ya magego huweza kuacha tundu kati ya kinywa na uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu. Haya hutokea hata kwenye mikono mizuri.

Sasa tufikirie dai limekuja na daktari alikuwa ameandika "tiba ya kawaida". Sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza inadai nia njema kabisa: anayejua ukweli wa hatari ni mwombaji, kwa hiyo aueleze. Jaji Mansfield aliiweka wazi kanuni hiyo mwaka 1766 katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Kwa ukali wake wa zamani, aliyeficha jambo zito anaweza kukuta mkataba wote umefutwa, pamoja na ulinzi wa kazi zake nyepesi. Uingereza yenyewe iliulegeza ukali huo kwa sheria ya bima ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016: kama kosa halikuwa la makusudi wala la kutojali, na kampuni ingekubali kumwekea bima kwa ada ya juu zaidi, malipo yanaweza kupunguzwa kwa uwiano. Tuseme daktari wa huko alilipa 30,000 mahali pa 75,000, naye anadaiwa 2,000,000. Kampuni italipa 800,000, na 1,200,000 zitatoka mfukoni mwake. Huo ndio upole. Mimi sioni daktari wa kliniki ndogo anayeweza kuubeba hata huo.

Kwa sababu hiyo naegemea upande wa kuchagua ngazi kwa kazi ngumu kuliko zote unazokubali kuzifanya, hata kama ni moja kwa mwezi. Asiyeimudu ada hiyo aache kwa kweli, aandike mahali pa kumtuma mgonjwa, na ahakikishe mkataba wake wa chini unalinda jino lililomgeuka katikati ya kazi.

Kuna mtego mmoja ambao mjadala wa ada huufunika. Mikataba mingi ya aina hii hulipa madai yaliyowasilishwa ndani ya mwaka wa bima, bila kujali kazi ilifanyika lini, mradi haikutangulia tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Daktari aliyeng'oa magego mwaka 2023 kwa ngazi ya juu, kisha akaacha upasuaji na kushuka ngazi 2025, anadhani mambo yamekwisha. Kwa sheria ya Kenya, dai la madhara kwa kawaida lina miaka 3, na mtoto huhesabiwa baada ya kufikia utu uzima. Dai la 2025 litakutana na mkataba wa 2025, usiojua upasuaji. Kushuka ngazi kunahitaji uangalifu kuliko kupanda.

Wenzetu wa hospitali za kaunti nao wasijidanganye. Mwajiri huwajibika kwa kazi ya asubuhi hospitalini. Ile ya jioni katika kliniki ya rafiki ni yako mwenyewe.

Mwaka huu, kabla ya kulipa, nilimwandikia wakala wangu barua pepe yenye maswali mawili. Jino likikatika na nikalazimika kuondoa mfupa, nimo au simo? Nikishuka ngazi, magego niliyong'oa miaka iliyopita yataendelea kulindwa? Jibu lilichukua siku tisa, kwa kuwa yeye mwenyewe alilazimika kuiuliza kampuni. La kwanza ndiyo, mradi picha ya eksirei na ridhaa ya mgonjwa viwe kwenye faili. La pili hapana, isipokuwa kwa nyongeza ya mkataba. Nimebaki kwenye ngazi ya juu, na ile barua pepe nimeichapisha nikaiweka pamoja na leseni.