Kuku wa Saa Nane Usiku

Maswali yalinichosha. Debian, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, ukiisakinisha inakuuliza lugha, kibodi, saa za eneo, jina, paswedi mara mbili, halafu ikifika kwenye diski inakuuliza tena kama una uhakika. Baada ya kuwawekea rafiki zangu watatu wikendi moja, nikaapa: natengeneza ISO yangu, yaani faili la diski ya usakinishaji, inayojijibu yenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaifumua ISO ya kawaida, unatumbukiza faili la preseed.cfg lenye majibu yote, unaifunga upya kwa programu ya xorriso. Palipoulizwa kama kweli nataka kufuta diski nikaandika "true", bila hata kumeza mate. Nikachora na picha ya menyu inayotokea kompyuta ikiwaka, pengwini wa Linux. Akatoka kuku. Kuku mnene, macho kama ya mtu anayedaiwa. Nikamwacha hivyo hivyo.

Menyu nikaipa 5, yaani sekunde tano mtu apate kughairi. Kuna mafaili mawili ya menyu, kwa programu mbili za kuanzisha mfumo: la GRUB kwa kompyuta mpya na la ISOLINUX kwa zile za zamani. Kote nikaandika 5. Nikajaribu kwenye mashine pepe ya kisasa, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta: kuku akakaa sekunde tano zake, mfumo ukaingia, mwishoni CD ya bandia ikajitoa yenyewe. Safi! Nikatoa hadi SHA256, ile namba ya kuhakikia faili, utadhani nina kiwanda. Nikachoma flashi mbili. Moja nikampa rafiki yangu, ya pili nikaisahau ubavuni mwa laptopu yangu kuukuu, ambayo miaka yote nimeiagiza ianze na flashi kabla ya diski.

Saa tatu usiku laptopu ikaomba izimwe na kuwashwa ili imalize masasisho. Nikakubali, nikaenda kuoga. Kurudi, nakuta mstari unasogea taratibu, asilimia 43. Nikajisemea, hawa jamaa siku hizi masasisho yao yanapendeza. Nikawa najifuta masikio huku nasoma. Mfumo wa msingi unasakinishwa. Msingi upi tena? Taulo likaanguka lenyewe.

Diski ilishafutwa, na kila kitu changu ndani yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaona bora imalize, asubuhi nianze kulia nikiwa na mfumo mpya. Nikalala.

Saa nane nikaamshwa na feni. Inavuma kama mashine ya kusaga. Nikainua kichwa: skrini nyeusi, kuku akatokea, pap, akapotea, mstari ukaanza upya kutoka sifuri. Nikavuta flashi kwa meno na kucha.

Kumbe ISOLINUX haihesabu sekunde, inahesabu sehemu za kumi za sekunde. Tano yangu ilikuwa nusu sekunde, kuku hapati hata nafasi ya kukonyeza. Na flashi si CD, haijitoi. Kila usakinishaji ulipokwisha, kompyuta iliwaka, ikamkuta kuku, ikaanza tena. Toka saa tatu! Hiyo diski imefutwa mara nyingi kuliko ubao wa darasa.

Asubuhi nikabadilisha ya ISOLINUX kuwa 50. Nilikuwa bado naifunga ISO simu ikaita. Yule rafiki yangu wa flashi ya kwanza. Hakunisalimia.

"We bwana, huyu kuku ni wa nani?"