Mwacheni Shujaa Akae Kwenye Kiti Chake

Riwaya ya mapenzi ikitoka, na shujaa wake akawa mtu mwenye ulemavu, swali la kwanza la wasomaji huwa moja tu: "Mwishoni anapona?" Waandishi wanajua swali hilo linakuja, kwa hiyo wanalijibu mapema. Kurasa kumi za mwisho vidole vya mguu vinaanza kucheza, binti anapiga yowe, daktari anaingia mbio, na ndoa inafungwa bwana harusi akiwa amesimama wima ndani ya suti. Wasomaji wanaambiana kitabu kitamu, wanaomba sehemu ya pili.

Mimi nasema hapo mwandishi katupiga. Amemwoza binti kwa mwanamume mwingine, mgeni aliyeingizwa dakika za majeruhi, na yule tuliyekuwa naye kurasa mia mbili ametupwa nje pamoja na kiti chake. Hata kitabibu haiingii akilini. Uti wa mgongo ukiumia, ahueni kubwa huonekana katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, na pale mawasiliano ya ubongo na miguu yalipokatika kabisa matumaini ya kutembea tena huwa madogo tangu siku za mwanzo. Riwaya inamwinua mtu mwaka wa tano kwa busu. (Busu lenyewe, mara nyingi, la shavuni.)

Lakini kundi la pili la wasomaji nalo linanichosha: wale wanaosifu kitabu kwa sababu "kimetoa elimu kwa jamii". Mtu hanunui riwaya ya mapenzi ili ahudhurie semina. Anataka mapenzi. Na mapenzi ya mtu anayetumia kiti mwendo yanajengwa au kubomoka kwenye mambo ambayo wahakiki wetu hawayagusi kabisa: upana wa mlango, choo cha njiani, nani kashika kiti wakati bajaji imeshawashwa. Mwandishi akikosea hapo, machozi yote ya sura ya tisa ni maji ya bure.

Tumchukue huyo shujaa anayependwa kuliko wote, kijana aliyepata ajali ya bodaboda, miguu haifanyi kazi, anaishi Dodoma. Swali la kwanza ni kiti chake ni kipi. Riwaya nyingi zinaandika "kiti" basi, na ukisoma vizuri unagundua mwandishi anakiona kile cha hospitali: cha chuma, kizito kama kilo 20, mikono ya kuegemea haitoki, mishikio mikubwa nyuma kwa ajili ya kusukumwa. Kile ni cha kumtoa mgonjwa wodini kumpeleka eksirei. Mtu anayeishi kwenye kiti anahitaji kilichopimwa kwa nyonga zake. Kikiwa kipana anaegemea upande mmoja, na baada ya miaka mgongo unapinda. Kikikosa mto mzuri anapata vidonda vya mgandamizo makalioni, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Ndiyo maana anayejua mwili wake hujinyanyua kwa mikono au kuinama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata akiwa katikati ya maongezi matamu. Tanzania mafundi wa mambo haya wapo. Pale Moshi, kwenye chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, wamekuwa wakifundishwa kupima na kurekebisha viti. Mwandishi anayetaka ajali ya kimapenzi iliyo tofauti na mafuriko na ujambazi, anayo hapo: shujaa aliyekaa na mgeni saa tatu bila kujinyanyua kwa sababu aliona aibu.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Huku kwetu kuna mchanga na kuna miba ya migunga. Magurudumu madogo ya mbele yanazama mchangani, kiti kinasimama ghafla, aliyekikalia anaendelea mbele peke yake. Binti anayemsukuma kwa nguvu kutokea nyuma, kama riwaya zinavyopenda, atamlaza kifudifudi. Njia ni kunyanyua magurudumu ya mbele na kwenda na yale mawili makubwa, au kugeuza kiti na kumvuta kinyumenyume. Sasa fikiria tukio hilo likiwa kwenye kitabu: wamefika kwenye korongo kavu njia ya kwenda Chamwino, binti hasemi neno, anageuza kiti, anaanza kuvuta. Msomaji mwenye akili ameshajua huyu dada alikaa akajifunza. Hakuna haja ya mistari saba ya "alimpenda kwa dhati". Na mwiba ukitoboa, mpira wa ndani unazibwa kiraka na fundi baiskeli wa kijiweni kama mpira mwingine wowote, kwa hiyo shujaa wa huku atakuwa na pampu na viraka mfukoni mwa kiti. Sijasoma riwaya ambayo shujaa amepata pancha.

Bajaji nayo ina mambo yake. Kiti kinasogezwa kwa mshazari karibu na mlango, breki zote mbili zinafungwa, vikanyagio vya miguu vinakunjwa juu, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye siti ya bajaji, anajiinua, anakaa, kisha anaingiza miguu mmoja mmoja kwa mikono. Kiti kinakunjwa kwa kuvuta kitambaa cha katikati kwenda juu, kinapangwa miguuni au kufungwa nyuma kwa mpira. Breki moja ikisahaulika kiti kinarudi nyuma naye anashuka kwenye mwanya. Vikanyagio vikibaki chini, mguu unanasa. Hapohapo dereva anamgeukia binti: "Huyu anashukia wapi?" Mstari huo mmoja, ukiandikwa bila maelezo, una uchungu kuliko sura nzima ya shujaa kulia usiku. Anaulizwa mwenzake wakati yeye yupo, ana nauli mkononi.

Wasomaji wengine hulalamika kwamba mambo ya choo yanaua utamu. Mimi nakubali hayahitaji ukurasa, lakini mstari mmoja unahitajika, la sivyo safari haiaminiki. Wengi walioumia uti wa mgongo hutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono iliyonawa, mahali pasafi. Sasa riwaya inampandisha shujaa basi la Dodoma kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita 450 hivi. Ngazi za basi ni ndefu na mlango mwembamba: nani alimbeba, konda au abiria, na alimshika wapi? Baada ya Kibaigwa basi linasimama kando ya barabara watu wachimbe dawa. Wote wanashuka vichakani. Yeye je? Katika maisha halisi wengi hujizuia kunywa maji tangu usiku, na malipo yake ni UTI ya mara kwa mara. Binti anamletea chupa ya maji baridi kwa mapenzi yote, shujaa anakataa, binti ananuna. Huo ndio ugomvi wa wapenzi ninaoutaka: una sababu, hauna shetani wala mwanamke wa pembeni. Tangu 2024 kuna treni ya SGR ya abiria hadi Dodoma, na safari imekuwa fupi sana kuliko ya basi, kwa hiyo mwandishi wa sasa ana uamuzi wa kufanya. Akimpandisha basi, awe na sababu.

Tukija chumbani, hapa ndipo waandishi wanapokimbia na wasomaji wanapong'ang'ania, kwa lile swali la chinichini: "Ataweza?" Jibu si moja kwa kila mtu, linategemea uti umeumia wapi na kwa kiasi gani. Hamu haikai miguuni. Wanaume wengi walioumia bado husimama kwa kuguswa, hata kama hawahisi vizuri huko chini. Kinachosumbua zaidi ni kutoa mbegu, na hata hapo watoto wanaweza kupatikana kwa msaada wa hospitali. Baadhi husema ngozi ya juu ya mpaka wa jeraha, shingoni, masikioni, kifuani, imekuwa na hisia kali kuliko zamani. Mwandishi wa mapenzi amepewa zawadi hiyo naye anaandika "taa zikazimwa" na kuruka hadi asubuhi! Ajue tu kwamba kuna matayarisho: kibofu kitolewe maji kwanza, mito iwekwe, miguu ikikaza ghafla isubiriwe ilegee. Wawili wakilichekea hilo pamoja, msomaji ameshawaamini.

Jambo dogo ambalo wasahihishaji wote huliacha lipite: kikombe cha chai. Shujaa asiyehisi mapajani anawekewa kikombe cha moto katikati ya miguu huku akisukuma magurudumu kwa mikono miwili. Anaungua bila kujua. Mwenye uzoefu hutumia sinia au hubebewa kikombe, na mpenzi anayelijua hilo hakabidhi chai bila kutafuta meza kwanza.

Kazi na fedha. Katika simulizi zetu mtu wa kiti mwendo ama anaomba barabarani ama ni tajiri mwenye kasri. Katikati hakuna mtu. Wakati Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Nipeni shujaa ambaye ni mhasibu pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, anayegombana na ofisi kuhusu lifti. Au fundi simu wa Majengo ambaye kikundi chake kimepata mkopo na mweka hazina kaingia mitini. Huyo ana mambo ya kufanya mbali na kupendwa.

Kuhusu wakwe, baba mkali anayefoka "Binti yangu haolewi na kilema!" nimemchoka. Ugogoni mahari bado huzungumzwa kwa ng'ombe na mbuzi, na wazee wanaojua kuzungumza hawafoki. Wanampokea vizuri, wanamkaribisha ndani, na ndani kwenyewe kuna ngazi tatu. Mazungumzo yanaendelea sebuleni, yeye yuko uani na kijana wa kumpa kampani. Mshenga anatoka kila baada ya muda kumpa taarifa ya ndoa yake mwenyewe. Baadaye shangazi anamvuta binti jikoni: "Hujafa hujaumbika, mwanangu, sikatai. Ila usijitafutie." Ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 45 jumla zinataka mteremko wa mita 5.4, kwa kipimo kinachokubalika cha 1 kwa 12. Kama ndugu wa binti watajenga mteremko huo kabla ya siku ya kupeleka mahari, kitabu kimepata mwisho, na hakuna aliyelazimika kupona.

Shujaa asiyeona na shujaa kiziwi wana makosa yao, nitayapitia haraka. Asiyeona hapapasi nyuso za watu ili "kuwaona"; hiyo ni ya filamu. Akiongozwa hashikwi mkono na kuvutwa. Yeye ndiye anayeshika kiwiko cha mwenzake na kutembea nusu hatua nyuma. Simu yake inasoma ujumbe kwa sauti kupitia TalkBack, kwa hiyo ujumbe wa "nimekumisi mpenzi" unaweza kusomwa ndani ya daladala nzima kama amesahau spika za masikioni, na bado naona ajabu hakuna aliyeandika kichekesho hicho. Kiziwi hanong'onezwi gizani. LUKU ikiisha usiku, mazungumzo ya Lugha ya Alama yanakufa palepale mpaka mmoja awashe tochi ya simu na kuielekeza kwenye mikono ya mwenzake.

Ninachowaomba waandishi kabla hawajapeleka kitabu kiwandani ni wampe mswada mtu mwenye ulemavu uleule wa mhusika. Anayetumia fimbo nyeupe hawezi kukusahihishia kiti mwendo. Vyama vipo, SHIVYAWATA ni shirikisho lao, na huko utaelekezwa. Mpe kabla ya kupanga kurasa, maana baada ya hapo utabadilisha maneno mawili tu na kumshukuru kwenye utangulizi. Mlipe kama unavyomlipa msahihishaji wa lugha. Usimuulize kama kitabu ni kizuri. Muulize ni ukurasa gani aliacha kuamini, na siku ya mhusika imeruka nini.

Na jamani, jalada. Mchoraji anapewa muhtasari wa mistari miwili, anarudi na kiti kitupu ufukweni, jua linazama baharini. Hadithi ni ya Dodoma. Kiti ni cha hospitali, breki hazijafungwa, vikanyagio viko chini, na magurudumu ya mbele yameshazama mchangani.