Mwacheni picha zikauke

Nimefurahi kusoma kwamba dada yetu mchoraji wa Mji wa Kale, Mombasa, amesogeza mbele maonyesho yake ya kwanza ya peke yake kwa kuwa picha bado mbichi. Wanaomlaumu hapa hawaijui rangi ya mafuta. Haikauki kama nguo kambani. Mafuta yenyewe huvuta hewa yakaganda polepole, na vanishi ya mwisho, ule utando angavu wa kuilinda picha, mara nyingi hungojwa hata miezi 6. Sasa ongeza unyevu wa Mombasa, masika! Mwaka mmoja nilirundika turubai zangu mbichi chumbani. Kuzibandua, bahari ya picha moja imehamia kwenye shavu la bibi wa picha ya pili, na nyuma ukungu umeota. Nililia wallahi.

Lakini kilichonigusa hasa ni kwamba mlango mmoja ameuchora mara saba, akifuata kivuli kwenye nakshi. Ndivyo! Saa sita, jua la utosini, mlango ule ni ubao tu. Alasiri mwanga ukija kwa ubavu, kila ua lililochongwa linainuka, unatamani kulishika.

Dada, usiharakishwe. Siku ikifika, mimi na mamangu tutavuka kivuko cha Likoni mapema.