Siku ya utamaduni shuleni: hadithi itangulie, mavazi yafuate

Katika shule nyingi za awali na msingi hapa Moshi, utamaduni hufika mara moja kwa mwaka. Mzazi anatumiwa ujumbe: mtoto aje na shuka la Kimasai, kanzu au kitenge, kutakuwa na ngoma na picha. Wapo wanaotaka siku hizo zifutwe, wapo wanaotaka ziongezwe. Wanaozipinga wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa, ila tiba wanayopendekeza siikubali.

Hoja yao kubwa ni kabila. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao, na kuacha huko kumetusaidia. Mtoto mwenye baba Mpare na mama Mchagga wa Rombo avae nini? Kumtaka achague upande akiwa na miaka sita ni kumtwisha swali ambalo nyumbani hakuna aliyemuuliza. Halafu kuna pesa: asiye na vazi huachwa pembeni wakati wenzake wanapigwa picha, na huo ni ukatili hata kama hakuna aliyeukusudia.

Lakini hoja zote mbili zinagusa mavazi. Hadithi hazikodiwi dukani, wala hazimbagui msikilizaji.

Chukua ile ya Wachagga kuhusu Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kuomba kwa Kibo. Akapewa. Akarudi tena na tena, mpaka Kibo akachoka, akamshushia mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka hivyo hadi leo. Wasimulizi hutofautiana, ila kiini ni hicho, na asubuhi isiyo na mawingu mtoto wa Moshi anauona ushahidi akiwa uwanjani. Tena inakubaliana na sayansi kwa namna inayonifurahisha kila mara: Mawenzi ni volkano iliyokufa na kumomonyoka kwa muda mrefu, wakati Kibo imelala tu, na kreta yake bado inatoa gesi. Moto wa mmoja umezimika, wa mwingine upo. Darasa la awali lipate mwanzo gani wa jiografia ulio bora kuliko huo?

Kuna walimu wanaosita kwa sababu ya kile kipigo, na wengine hubadilisha mwisho ili Kibo asamehe. Nawaelewa, siwaungi mkono. Mlima unabaki umechongoka, na mtoto atauliza kwa nini. Heri hadithi isimuliwe ilivyo, kisha watoto waulizwe kama Kibo alitenda haki. Wachagga wenyewe wana pa kuendelea: sale, jani ambalo aliyekosa humpelekea aliyemkosea kuomba radhi, na kulikataa si jambo jepesi. Nani kati ya hawa wawili alipaswa kubeba sale? Watoto wa darasa la kwanza wanaweza kubishana juu ya hilo kipindi kizima.

Sikukuu za dini ni suala jingine, na hapa nasimama karibu zaidi na wenye mashaka. Krismasi huangukia likizo, hivyo shule huisherehekea mapema kwenye mahafali. Idd, kwa kuwa hufuata mwezi, hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka mingine hukuta watoto wako darasani. Kueleza kwa nini jirani wa Majengo ameleta sahani ya pilau ni elimu. Kumwimbisha mtoto wa Kiislamu wimbo wa kumwabudu Yesu, au kumfundisha mtoto wa Kilutheri kuswali kwa ajili ya onyesho, ni ibada, hata mwalimu akiita igizo. Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda mzazi anayekataa, naye hapaswi kuonekana mkorofi.

Ningependa kamati za shule ziondoe mchango wa mavazi na kutenga kipindi kimoja cha hadithi kila wiki, bibi na babu wakialikwa kwa zamu, kutoka Marangu, Same, Monduli au Tanga. Wasimulie kwa Kiswahili, hata katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa sababu bibi wa Rombo na bibi wa Machame wakitumia Kichagga chao kila mmoja, hata wajukuu zao hawatafuata hadithi moja pamoja.