Saa za simu hazitoshi kumweleza kijana

Kwenye vikao vya wazazi, iwe Uyole au Mafinga, husemwa kuwa utafiti umethibitisha mitandao ya kijamii inawaharibu vijana. Utafiti upi? Mwingi ni dodoso lililojazwa mara moja: mwanafunzi anakadiria saa anazokaa mtandaoni, anajibu maswali ya huzuni, kisha majibu yanalinganishwa. Kipi kilitangulia, dodoso halisemi. Binti mwenye sonona aliyekosa usingizi naye hukesha na simu.

Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana 355,358 wa Marekani na Uingereza. Matumizi ya teknolojia ya kidijitali yalieleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi wao. Katika takwimu hizohizo, kula viazi nako kulihusishwa na ustawi duni kwa kiwango cha karibu na hicho. Nani wa Umalila au Njombe atang'oa viazi shambani kwa hesabu hiyo?

Kipimo chenyewe kinayumba. Mwaka 2021 mtafiti Douglas Parry na wenzake walilinganisha saa ambazo watu hudai kutumia na zile zilizorekodiwa na vifaa. Kiwango cha kuendana kilikuwa 0.38, wakati kuendana kikamilifu ni 1. Kwetu shida inazidi. Mwanafunzi wa bweni hana simu muhula mzima, likizo anaazima ya mama, bando likiisha anakaa siku kadhaa bila kuingia. Ukimuuliza "saa ngapi kwa siku", ajibu nini?

Anayetaka kuchunguza jambo hili Mbeya asome muda kwenye mipangilio ya simu, aandike simu ni ya nani, atenganishe likizo na muhula, WhatsApp ya ukoo na video za TikTok. Awapime watoto walewale zaidi ya mara moja. Tena atangaze mapema kipimo cha huzuni atakachotumia, kwani kwa kigezo kilichozoeleka cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia, ukijaribu vipimo 20 unaweza kutegemea kimoja kikuoneshe uhusiano kwa bahati tu.

Madhara yapo, na ndiyo maana utafiti dhaifu unaumiza. Binti anayetishiwa kusambaziwa picha zake anaweza kuwa mtandaoni dakika 20 tu kwa siku. Kwenye hesabu ya saa anahesabiwa salama. Waulizeni vijana kuhusu vitisho, kuombwa picha na kukosa usingizi, kila jambo kwa swali lake, faraghani, mwalimu wa darasa akiwa nje.