Mdaiwa Aliyezima Kompyuta

Mama mkubwa wangu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Alitaka mashine ya kutunza madeni. Binamu yangu, ambaye hata chai angeweza kuichemsha kwa asembli, lugha ya programu iliyo karibu kabisa na mashine, akamwandikia programu inayojiendesha yenyewe kwenye kompyuta kuukuu, bila Windows wala nini.

Akaja mzee mmoja mwenye mitumbwi, mdaiwa sugu. Mama mkubwa akaandika jina lake, akabonyeza. Kioo giza, kompyuta ikajiwasha upya. Akarudia. Giza tena.

"Mnaona wenyewe," mzee akasema. "Sidaiwi."

Kufikia saa nne soko zima lilijua ana dawa. Wengine wakataja Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi. Fundi umeme akabadilisha soketi, akalipwa, akaondoka. Mimi nikaandika jina langu, nisiyedaiwa hata senti. Ikazima! Watu wakanipisha. Muuza sangara akaninong'oneza, "Shemeji, hiyo dawa bei gani?"

Nikafungua maandishi ya programu. Jina lisipokuwamo kwenye orodha, programu ilikwenda kusoma anwani sifuri, ukurasa ambao haukuwekwa kwenye ramani ya kumbukumbu. Prosesa ya x86, aina iliyomo kwenye kompyuta hiyo, hapo hupiga hitilafu namba 14: anwani yenye kasoro inaiandika kwenye CR2, kijisanduku cha ndani ya prosesa, na kwenye staki, rundo la kumbukumbu za muda, juu ya anwani ya kurudia, inabandika msimbo wa kosa wa baiti 4. Usipouondoa, iret, amri ya kurudi kutoka kwenye hitilafu, inauchukua huo msimbo kama anwani, sawa na kuli anayesoma bei kwenye gunia akidhani ni namba ya nyumba. Ikazuka hitilafu 13, ya kuvunja ulinzi, haina wa kuipokea. Ikaja namba 8, hitilafu juu ya hitilafu, nayo yatima. Baada ya hapo prosesa haina pa kushtaki. Kompyuta inaanza upya.

Nikampigia binamu.

"Mbona kwangu inafanya kazi?"

"Kwako umewahi kumtafuta mtu asiyekuwamo?"

Kimya. Nikaweka add esp, 4, amri ya kuuondoa ule msimbo kwenye staki, kabla ya iret. Sasa hitilafu ikitokea, programu inarukia ujumbe aliouandaa binamu mwenyewe, ambao haujawahi kuonekana na binadamu.

Mzee akaitwa. Jina lake, kumbe, lilibaki kwenye karatasi iliyofungia maandazi. Mama mkubwa akaandika, akabonyeza, soko likashika pumzi. Kioo hakikuzima. Kikatoa herufi kubwa: MTEJA HAYUPO.

Mzee akaweka kofia sawa. "Hata mashine yenu inasema sipo," akasema, kisha akaomba gunia jingine kwa mkopo.