Asilimia 80 au kujaza kabisa: betri ya gari la umeme kwenye joto la Bagamoyo

Wapo wanaoapa kwamba betri ya gari la umeme isipitishwe asilimia 80, na wapo wanaosema gari limenunuliwa litumike, lijazwe kila usiku. Kila upande una haki yake, ila mabishano mengi huanza kabla ya kuuliza betri yenyewe ni ya aina gani.

Betri zenye nikeli, mfano ya Nissan Leaf ya kWh 40, hazipendi kukaa zimejaa. Seli (betri ndogo, moja kati ya nyingi zinazounda betri ya gari) ikikaribia volti 4.2, kemikali za ndani huanza kulana na lithiamu inayobeba chaji hupotea kidogo kidogo. Joto huongeza kasi ya uharibifu huo, na Leaf haina mfumo wa kupoza betri. Inategemea upepo tu. Kwa mji wa pwani kama huu, hapo wa asilimia 80 wana hoja nzito. Lakini kinachoumiza zaidi ni muda wa kukaa juu, si kule kufika 100. Gari lililojaa saa kumi alfajiri na kuondoka saa kumi na moja lina unafuu mkubwa kuliko lililojazwa Ijumaa jioni likaachwa juani hadi Jumatatu. Lisipotembea siku kadhaa, liache kwenye 50 hivi.

Upande wa pili hujibu: umeme ukikatika usiku je? Tupige hesabu. Bagamoyo hadi Dar es Salaam na kurudi ni kilomita 130 hivi, sawa na uniti 20 (uniti moja ni kWh moja). Chukua Leaf hiyo ambayo betri yake sasa inatoa uniti 35. Ukianza na asilimia 80 una uniti 28, unarudi na 8. Ukianza na 100 unarudi na 15, ambazo bado hazitoshi safari ya kesho yake. Kwa hiyo kujaza kila siku hakukuokoi na giza la usiku mzima. Kunakupa kilomita 45 za ziada. Zichukue siku yenye mizunguko mingi mjini, si kwa mazoea.

Betri za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti, bila nikeli), kama zilizomo kwenye magari mengi ya BYD ya China, zinageuza ushauri. Volti yake haibadiliki sana kati ya asilimia 20 na 90, hivyo kompyuta ya gari hukosa pa kupimia. Usipoijaza kabisa mara kwa mara, asilimia inayoonyeshwa huanza kudanganya na gari linaweza kuzimika ukidhani bado una chaji. Hapa wa kujaza wameshinda: mara moja kwa wiki ifike 100, kisha liendeshwe.

Chaja ya nyumbani ya ampea 10 huingiza uniti 2 hivi kwa saa, kwa hiyo uniti 20 ni kazi ya saa kumi. Joto lake kwa betri ni dogo. La kuogopa ni chaja ya kasi mara tu baada ya mwendo mrefu wa mchana. Kwenye soketi ndiko kwenye hatari. Hewa ya chumvi hula shaba, mguso unalegea, na tundu moja la soketi linaanza kuwa la kahawia. Ukiona rangi hiyo, acha kuchaji. Fundi avute laini ya peke yake, waya wa milimita za mraba 2.5 wenye ethi, breka ya ampea 16. Ekstensheni isitumike kabisa.

Anayenunua Leaf ya zamani ya kWh 24 ana swali jingine. Vijistari 12 vya afya ya betri pembeni mwa geji: cha kwanza hupotea uwezo ukishapungua kama asilimia 15. Likibaki na 9, hata likijazwa kabisa halitafika Dar na kurudi bila kuchaji njiani, na kulibana kwenye 80 ni kujinyima safari. Vijistari hivyo vinaweza kurudishwa kwa kifaa bila betri kupona, kwa hiyo pima kwa LeafSpy (programu ya simu inayosoma betri ya Leaf) chaji ikiwa chini, uone tofauti ya volti kati ya seli na seli. Seli moja ikiachwa mbali na wenzake, gari litakata nguvu mapema hata kama asilimia ya afya inavutia.